Mwezi wa Togwa

Walikutana kwa sababu Gwamaka alikalia nguo za watu.

Ilikuwa asubuhi ya baridi pale mpakani Tunduma. Malori yalikuwa yamesimama foleni mpaka kule Mpemba, madereva wamejifunga mablanketi wakipiga mswaki kando ya magurudumu, na waenda kwa miguu wakipenya kati ya mikokoteni wakitoka na kuingia Nakonde, upande wa Zambia. Ferista alikuwa anarudi na salfeti la vitambaa begani. Alilitua chini ili abadilishe bega, simu ikaita, akageuka kuipokea. Alipomaliza akakuta mwanaume amelikalia. Mrefu, shati jeupe lililolaliwa, makaratasi ya forodha kwapani, macho ameyafumba kabisa.

"Kaka, umekalia sare za harusi."

Akafumbua jicho moja. "Samahani dada. Nilidhani mahindi."

"Mahindi ndiyo hukaliwa?"

"Mahindi hayalalamiki."

Ferista alitaka kucheka ila akajizuia, maana pua yake ilikuwa imeshaingia kazini. "Unanuka jana," alisema.

"Jana?"

"Jana jioni yote, pamoja na baa uliyokuwepo."

Gwamaka akasimama, akajinusa begani kama mtu anayesikia habari zake kwa mara ya kwanza. Kisha akamtazama vizuri huyo aliyemwambia. Aliona gauni la kitenge rangi ya maboga, sweta la bluu lililofungwa vifungo vyote, nywele za kusuka zilizorudishwa nyuma, na jicho lisilotaka mzaha. Akalibeba salfeti mpaka Majengo, alikokuwa akiishi na kushonea Ferista, bila kuombwa. Mimi simwamini mwanaume anayebeba mzigo bila kuuliza uzito wake. Mara nyingi ana mzigo wake mwenyewe anaotaka kubebewa. Lakini Ferista hakuniuliza.

Alikuwa fundi cherehani, na Gwamaka alikuwa wakala wa forodha, mwenyeji wa Isongole kule Ileje. Wiki hiyo hiyo alileta suruali ipunguzwe urefu. Wiki iliyofuata akaileta tena. Suruali ile ilipunguzwa mpaka ikabidi iongezwe, na Ferista akamwambia sasa aache kuharibu nguo, akitaka kuja aje tu. Akawa anakuja. Ndani ya miezi michache akawa anamwita Feri, na Feri akawa anamwita Gwama, na Tulinagwe wa saluni ya jirani, ambaye hana habari ndogo, akawa anamwita shemeji.

Siku Gwamaka alipotamka neno mshenga, Ferista aliacha kukanyaga cherehani.

"Mwezi mmoja," alisema.

"Wa nini?"

"Bila pombe. Hata tone. Mwezi ukiisha, mshenga wako aende Ihanda kwa mama. Ukiuvunja, asisumbuke na safari."

Lazima nieleze kitu hapa, nisije nikamwacha binti wa watu aonekane mkali bure. Baba yake, marehemu mzee Jonasi, hakuwahi kuonekana na chupa mkononi. Alikuwa anaficha. Alificha ndani ya magunia ya kahawa, akaficha ndani ya buti la mvua, na mkewe, mama Nesta, akimuuliza kama amekunywa, jibu lilikuwa moja tu: maji. Alijibu maji mpaka ini lilipomlaza, na hata kitandani hospitali alisema maji. Ferista alikua akimwamkia baba yake kwa pua kwanza, mdomo baadaye. Si pombe yenyewe aliyoichukia zaidi. Alichukia lile neno.

"Feri, unajua kazi yangu," Gwamaka alisema. "Lori likitoka, dereva ananiita baa. Shukrani yake ndiyo hiyo. Nikikaa mikono mitupu ataona nimemdharau, na safari ijayo atatafuta wakala mwingine."

"Kamata glasi. Glasi sijakukataza."

"Ndani ya glasi kuwe na nini?"

"Hilo tutalitafuta mimi na wewe, mpenzi. Mungu kaumba vya kunywa vingi."

Wakavitafuta. Chai ya tangawizi ilimtoa jasho mbele ya madereva mpaka wakamuuliza kama ana homa. Kahawa ya Mbozi, nyeusi, aliyoletewa kutoka shambani kwa kina Ferista, ilimkodoa macho mpaka alfajiri akimtumia meseji za mapenzi zisizo na mwisho. Maji ya ndimu yalimkunja uso. Soda ilimchosha kwa sukari. Kilichomfaa mwishowe ni togwa. Ferista alipika uji wa mahindi, akauacha upoe, akatia unga wa kimea cha ulezi, asubuhi ikawa imelainika na kuwa tamu. Ilikuwa nzito, ina povu kidogo, inakaa tumboni kama kitu kinachojitambua. Ukiimimina kwenye glasi ya bia hakuna anayekusumbua.

Au tuseme karibu hakuna. Rabson, dereva Mzambia aliyekuwa rafiki yake, alimkuta nayo baa, akamsalimia kwa Kibemba.

"Mulishani, ba Gwamaka. Naona umehamia kwenye munkoyo, togwa ya kwetu, kama bibi yangu."

"Bwino. Bibi yako ana afya?"

"Ana miaka tisini, bado analima."

"Basi niache ninywe."

Jioni akipita Majengo, Ferista alimpokea mlangoni kwa kumkumbatia. Kumbatio lile lilikuwa refu kuliko mapenzi yanavyohitaji, na pua ilikuwa inatembea shingoni.

"Umemaliza kunikagua?"

"Bado. Geukia upande wa pili."

"Hata forodha hawafungui kila lori, Feri."

"Wewe lori lako limeshawahi kukamatwa, baba. Tulia."

Gwamaka alicheka, naye Ferista akacheka. Lakini Gwamaka akiondoka, kicheko kilikuwa kinabaki na mchanga ndani yake. Ferista aliangalia picha alizotumiwa mchana, akazikuza kwa vidole, akachungulia chupa zilizo nyuma ya bega la mpenzi wake. Aliita kwa video saa za ajabu. Aliuliza jambo moja mara mbili kwa njia tofauti, kama hakimu. Na Gwamaka, ambaye kweli hakuwa ameonja kitu, alianza kujisikia mwizi kila alipofungua mlango ule. Nasema hivi kwa sababu nawajua wote wawili: mtu akishukiwa kila siku, ipo siku anajiuliza anapata faida gani.

Mwezi ulikuwa umepita nusu wakati mama Nesta alipopiga simu kwamba kahawa imeiva yote kwa pamoja na vibarua hawatoshi. Ferista akajiandaa kwenda Ihanda. Alhamisi jioni alipika togwa nyingi, akazidisha kimea iwe tamu, akaigawa mara mbili: dumu moja la Gwamaka, na jagi moja lake mwenyewe alilolifunika na kuliacha kwenye sakafu ya jikoni kwake.

"Hii itakufikisha Jumatatu nikirudi," alimwambia asubuhi akimkabidhi dumu kituo cha basi. "Baridi hii ya Julai haiiruhusu kuchachuka."

"Nitailinda kama mtoto."

"Ilinde. Na wewe jilinde."

"Nitakumisi, mama."

"Utaonyesha nikirudi." Akamkumbatia. Akanusa. Akapanda basi.

Kule Ihanda walichuma mpaka vidole vikawa vyekundu. Jumapili baada ya ibada, jua linaanza kushuka, Ferista akiwa anageuza kahawa kwenye kichanja, simu ikaita. Alikuwa Tulinagwe.

"Shoga, uko salama?"

"Salama. Kwema huko?"

"Kwema, kwema tu." Tulinagwe akivuta neno hivyo ujue si kwema. "Nimepita pale baa ya maegesho. Nimemuona shemeji. Kakaa na wale Wazambia, anacheka hadi anapiga meza. Mimi simsemi mtu, ila Gwamaka wa mwezi huu sijamsikia akicheka vile."

"Mezani kuna nini?"

"Glasi, shoga. Ndani sikuchungulia."

Ferista akakata, akapiga kwa Gwamaka. Ilipokelewa haraka, kelele nyuma, muziki.

"Feri wangu. Laazizi wangu wa kahawa."

Hajawahi kumwita laazizi. Hata neno lenyewe lilitoka limelegea pembeni.

"Unakunywa nini, Gwama?"

Pakawa na kimya kifupi. Kifupi, lakini Ferista alikisikia chote.

"Togwa yako," alisema. "Si nyingine. Togwa yako tu."

Alirudi Jumatatu mchana. Gwamaka alikuwa anamsubiri kituoni, kanyoa, shati limepigwa pasi, macho mekundu. Ferista alimsogelea mbele ya watu wote, akanusa mara moja, akarudi nyuma.

"Asante," alisema.

"Feri, nisikilize. Ni ile togwa."

"Baba yangu alikuwa anasema maji. Wewe angalau umebadilisha kinywaji."

"Nakuapia sikununua hata chupa moja."

"Sijauliza umenunua. Nimenusa." Akamwita bodaboda kwa mkono. "Mshenga wako asisumbuke na safari. Ihanda ni mbali."

Akapanda bodaboda na begi lake. Gwamaka akabaki kituoni amesimama, na mikono hajui aipeleke wapi.

Jumanne asubuhi dumu lilirudishwa Majengo na bodaboda aliyetumwa na Gwamaka, likiwa na robo ya togwa ndani. Ferista alilifungua jikoni. Lilipiga mluzi, povu likapanda, na harufu ikajaa chumba kizima. Ilikuwa pombe, isiyo na shaka. Kwa muda alisimama hivyo akiwaza kwamba huenda amemwonea. Akalifunua jagi lake lililokuwa pale sakafuni tangu Alhamisi. Akaonja. Ilikuwa bado tamu, uchachu kidogo tu kwenye ncha ya ulimi.

Chungu kimoja, kimea kimoja, siku moja. Hii tamu, ile pombe. Akakaa kwenye kigoda, na wazo likamjia limekamilika, kama lilivyokuwa likimjia mama yake mbele ya magunia ya kahawa: ametia pombe kali ndani ya dumu langu. Kaificha ndani ya mkono wangu mwenyewe. Mzee Jonasi alikuwa mwanafunzi tu.

Alijifunga kitenge, akabeba dumu, akaenda ofisini kwa Gwamaka kwa miguu, kasi ya mtu anayekwenda kumwagia mwenzake kitu usoni. Tulinagwe alimuona akipita, akaacha kichwa cha mteja nusu.

Gwamaka hakuwepo, alikuwa forodhani. Aliyekuwepo ni Imelda, mama anayewapikia mawakala chai kwenye kile chumba cha nyuma, amejifunga khanga mbili na anakohoa moshi.

"Karibu, mchumba wa Gwamaka. Umerudisha dumu letu?"

"Dumu lenu?"

"Si lilikuwa mgeni wetu hapa. Tangu Ijumaa." Imelda akaelekeza kwa mwiko pembeni mwa jiko kubwa la mkaa, ambalo huwaka tangu asubuhi hadi ofisi inafungwa. "Alilileta kalivisha koti lake. Akaniambia mama, lisipate baridi, hii kitu nimekabidhiwa. Kila akitoka ananiuliza, lina joto? Namwambia lina joto. Mimi nilijua ni dawa."

Ferista aliangalia pale pembeni mwa jiko. Palikuwa na alama ya duara sakafuni. Akaweka kiganja ukutani, akakiondoa upesi kwa moto.

Alikaa kwenye benchi la ofisi akiwa na dumu mapajani. Aibu ilimpanda polepole kutoka miguuni. Mwanaume wa watu alilinda togwa yake kama mtoto, kama alivyoahidi, na kwa ujinga wake wa jikoni akaipika ikawa pombe. Naye amemwita mwongo mbele ya stendi nzima. Alianza kupanga maneno ya kuomba msamaha na kila aliyoyapanga aliyaona mafupi.

Gwamaka aliingia na makaratasi yake, akamuona, akasimama mlangoni.

"Umekuja kunimwagia?"

"Nilikuja kukumwagia." Ferista akasimama. "Gwama, nimekosa. Imelda kanieleza. Togwa haitaki joto, ikikaa motoni inageuka. Wewe ungejuaje? Kosa ni langu, sikukuambia wazi. Nimekudhania vibaya, na mwezi huu wote nimekunusa kama mbwa wa polisi. Nisamehe, baba. Mwezi wako haujavunjika. Hukujua unachokunywa."

Imelda kule nyuma aliacha kukohoa ili asikie vizuri. Hapo jambo lilikuwa limekwisha. Mwanaume yeyote mwenye akili zake angepokea msamaha ule kwa mikono miwili, akamkumbatia mchumba wake, akaenda zake kumtafuta mshenga. Hakuna mtu duniani ambaye angejua tofauti. Mimi mwenyewe ningemshauri anyamaze.

Gwamaka aliweka makaratasi mezani. Akavuta kiti, asikikalie.

"Jumamosi sikujua," alisema. "Ilikuwa inakwaruza kidogo, nikasema labda ndivyo inavyokuwa. Jumapili, glasi ya kwanza, sikujua pia. Niliimaliza ndipo nikasikia ulimi unaamka. Ulimi wangu unajua, Feri. Huwezi kuudanganya."

"Basi ukaacha."

"Sikuacha. Ya pili niliimimina nikiwa najua. Ya tatu nikiwa najua kabisa. Tena nilifurahi. Nilisema hii ni togwa ya Feri, kaipika mwenyewe, kanipa mwenyewe, hakuna mtu atakayeniuliza. Uliponipigia simu nikakuambia togwa yako tu, nilikuwa nasema kweli, na nilikuwa nakudanganya. Nimelala siku mbili na hilo. Kwa hiyo usiniombe msamaha. Nilikunywa pombe, Feri. Nilijua, nikanywa."

Ferista alikaa tena kwenye benchi, akaweka dumu sakafuni, akatazama viatu vya huyu mwanaume, vumbi la foleni ya malori limevipanda mpaka kwenye kamba. Alikuwa amengoja sentensi ile maisha yake yote, na sasa imekuja kutoka kwa mtu mwingine, na iliuma kuliko alivyofikiri, na chini ya maumivu kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukitegemea. Alikuwa amepumzika.

"Kwa nini umeniambia?" aliuliza.

"Ulikuwa unaniomba msamaha. Nilishindwa kuupokea."

"Unajua nilichokuambia kuhusu mshenga."

"Najua. Ndiyo maana nimesimama."

Ferista akatoa simu kwenye pochi. Akabonyeza, akaiweka sauti ya nje, akaishika mbele yao wote wawili. Gwamaka alidhani anapigiwa Tulinagwe, na alikuwa tayari hata kwa hilo.

"Haloo, mwanangu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona saa hizi? Kuna nini?"

"Mama, Gwamaka amekunywa."

Kule Ihanda mama Nesta aliguna, mguno wa mtu aliyekuwa anaijua habari kabla haijafika. "Nilikuambia. Nani kakuletea hayo? Yule wa saluni?"

"Kaniambia mwenyewe."

"Umemnusa, ukambana, ndipo akasema."

"Hapana, mama. Nilikuwa nimeshamsamehe kwa kudhani hakujua. Angenyamaza, yangeisha. Akasema alijua, akanywa."

Walisikia kahawa ikigeuzwa kwenye kichanja, kisha ikaachwa.

"Kwa mdomo wake?" mama Nesta aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kwa mdomo wake. Yuko hapa mbele yangu."

"Mimi nilikaa na baba yako mpaka nikamzika," mama alisema taratibu, "nikisubiri aniambie hivyo mara moja tu. Ningemuogesha, ningemlaza, nisingemuuliza tena." Akapenga kamasi. "Mpe hiyo simu."

Gwamaka aliipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwezi wako umevunjika."

"Ndiyo, mama."

"Unaanza upya leo."

"Ndiyo, mama."

"Na huyo mshenga wako aje Jumamosi. Asisubiri uishe."